Jenga kwa Ajili ya Usiku Ambao Gari Halitawaka

Saa kumi na moja alfajiri nilizinduliwa na ukimya. Hita ya dizeli, iliyokuwa ikivuma usiku kucha chini ya kiti, ilikuwa imezima. Kipimajoto cha nje kilionyesha nyuzi 29 chini ya sifuri. Nikageuza ufunguo. Stata ikazunguka vizuri, injini ikashika kwa sekunde chache, ikakohoa, ikafa. Tulikuwa kambini karibu na mji wa Golden, jimbo la British Columbia, Kanada: mimi, mume wangu, na binti yetu wa miaka tisa aliyekuwa amejikunja ndani ya mfuko wa kulalia, pua tu ndiyo iko nje.

Kosa lilikuwa langu. Siku iliyotangulia tulipita Hope, mji ulio bondeni upande wa pwani. Mvua ilikuwa inanyesha, nami nikajaza tanki pamoja na madumu mawili ili tusisimame tena njiani. Dizeli ya majira ya baridi huchanganywa kulingana na baridi ya mahali inapouzwa. Ile ya bondeni ilipopanda nasi milimani, nta iliyomo ndani yake iliganda na kuziba filta. Na kwa kuwa hita ilikuwa inanyonya kutoka tanki lilelile, injini na hita vilikufa pamoja.

Hatukuumia. Tulikuwa na jiko dogo la gesi la kuchemshia chai, mifuko mizito ya kulalia, na jirani mwema kambini aliyempeleka mume wangu mjini kutafuta filta mpya. Lakini tangu asubuhi hiyo, kila shilingi ninayotia katika gari hili naipima kwa swali moja: injini isipowaka usiku huu, watu waliomo ndani watafika asubuhi salama? Ndugu msomaji unayetaka kununua gari kuukuu la 4x4 na kuligeuza nyumba ya safari za theluji, chukua swali hilo liwe kipimo chako. Litakuonyesha lipi lianze na lipi lisubiri.

Kabla hujatoa pesa

Gari letu ni Toyota Hiace ya dizeli, 4x4, iliyotoka Japani. Sisi tuliokulia Mwanza tunaijua Hiace kama kipanya, na wenzetu wa Kenya wanaijua kama matatu. Huku Kanada sheria inaruhusu kuingiza gari la nje ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya hapa likishatimiza miaka 15. Marekani ni miaka 25. Ndiyo maana magari ya Kijapani kama Hiace na Delica ya miaka ya tisini yamejaa mikononi mwa wapenda safari. Kabla ya kulipa, iulize kampuni yako ya bima kama itakubali gari la usukani wa kulia, na uliza ukaguzi wa jimbo lako unataka nini.

Kuna jambo moja la usukani wa kulia ambalo wauzaji hawalisemi. Mlango wa kuteleza wa Hiace uko kushoto, kwa kuwa Japani abiria hushukia kushoto. Kanada magari hupita kulia, kwa hiyo mlango huo unafunguka upande wa barabara, magari yanakopita. Ukiwa na mtoto, mfundishe tangu siku ya kwanza kwamba mlango haufunguliwi mpaka mkubwa ashuke kwanza.

Nenda kulitazama gari na vitu vitatu: tochi, bisibisi na sumaku ndogo. Sumaku inashika bati lakini haishiki puti. Ipitishe kwenye mapaja ya magurudumu na chini ya milango, na pale inapoteleza ujue kuna tundu lililozibwa. Bisibisi ni ya kugonga na kuchokonoa chesisi na sehemu za kuegemeza jeki. Bati zima hulia, lililooza hunyamaza. Inua kapeti kwenye kizingiti cha mlango wa kuteleza na chini ya kioo cha mbele, maana maji hujificha hapo. Omba pia karatasi ya mnada wa Japani ujue gari limetoka mkoa gani. Gari lililoishi Hokkaido limezoea theluji, lakini limekula chumvi ya barabarani miaka yote hiyo.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Baba yangu mdogo alikuwa na gereji ya vipanya Mwanza, na gari likiletwa limeshapashwa moto, alikuwa anamwambia mwenyewe aliache mpaka kesho. "Gari la moto linaficha maradhi," alisema. Kwa dizeli za zamani maneno hayo yana uzito. Injini yetu ni 1KZ, ya lita 3, turbo. Ni imara, ila ikichemka mara moja vibaya silinda hedi hupasuka. Liwashe likiwa baridi, ushike bomba la juu la rejeta: likiwa gumu ndani ya dakika moja kabla injini haijapata joto, huenda gesi ya silinda inavuja kuingia kwenye maji. Shukuru, uondoke.

Na bajeti? Ukiwa na dola 20,000, usinunue gari la dola 18,000. Tenga angalau nusu kwa ajili ya kazi, na nusu hiyo usiianze kwa makabati.

Vua gari nguo zote

Kosa la wengi ni kuanza na mbao nzuri, mito na taa za kupendeza. Anza kwa kulivua gari mpaka bati litokee. Tulipotoa paneli za ukutani za Hiace yetu tulikuta sufi ya kioo iliyowekwa na mwenye gari wa kwanza. Niliikamata mkononi, nikaikamua, maji yakatoka kama kutoka kwenye dekio. Nyuma yake kutu ilikuwa imechora ramani nzima. Kwa macho ya nje gari lile lilikuwa linang'aa.

Kutu ina utaratibu wake. Kwangua kwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe. Palipotoboka kata na uchomelee bati jipya. Piga praima, kisha sili kwenye maungio, kisha rangi. Ndani ya vizingiti na mashimo ya chesisi, ambako brashi haifiki, nyunyiza nta au mafuta mazito yanayotambaa, na urudie kila mwaka kabla ya theluji. Usipake lami nyeusi juu ya kutu mbichi. Lami hufungia unyevu ndani, na chuma huendelea kuoza gizani huku wewe ukijisifu kuwa umelinda.

Injini: mafuta, maji na betri

Badilisha mkanda wa taimingi kama huna ushahidi ulibadilishwa lini. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, na maneno matupu ya muuzaji si ushahidi. Safisha rejeta. Nyumbani wengi tumezoea kumwagia maji ya bomba na safari ikaendelea. Huku maji yakiganda hutanuka na kupasua bloku ya injini, chuma na unene wake wote. Mchanganyiko wa nusu maji safi na nusu kulanti hustahimili mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Upime kwa kile kifaa kidogo cha bei rahisi cha dukani, usikisie kwa rangi.

Weka hita ya bloku, ile ya kuchomeka kwenye umeme wa nyumba. Katika jimbo la Alberta ni jambo la kawaida kuona waya ukining'inia mbele ya gari, na saa tatu au nne za kuchomeka kabla ya kuondoka zinatosha. Tumia oili nyepesi ya sintetiki inayofaa injini yako, kama 5W-40, maana oili nzito kwenye baridi hiyo huwa kama asali. Pima hita plagi, zile za kupasha silinda kabla ya kuwasha, moja moja. Moja ikifa, utaanza kulaumu betri isiyo na kosa.

Betri ya stata inunue kwa namba ya nguvu za kuwashia kwenye baridi. Namba hiyo hupimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na kwa dizeli chagua kubwa zaidi inayoingia kwenye sehemu yake. Kisha itenge kabisa na betri ya nyumbani, inayolisha taa, simu na hita. Usiku ukimaliza betri ya nyumbani, ile ya stata ibaki imejaa.

Kuhusu betri ya nyumbani, nisikilize vizuri, kwa sababu nililipia somo hili. Betri za lithiamu aina ya fosfati ni nyepesi na hudumu, lakini hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, ukilazimisha unaziharibu. Ya kwanza niliifunga kwenye sanduku la nyuma lisilo na joto. Tuliendesha siku nzima, isichajiwe hata kidogo, kwa sababu ulinzi wake wa ndani ulikuwa umefunga mlango. Kama unataka lithiamu, iweke ndani mnamolala, au nunua yenye kipasha chake. Vinginevyo betri ya risasi aina ya AGM, nzito na ya kizamani, itakufaa.

Kuhusu dizeli, jaza pale unapokwenda kulala, usijaze ulikotoka. Ukitoka bondeni, fika milimani tanki likiwa karibu tupu, ujaze mafuta ya huko. Dawa ya kuzuia kuganda hutiwa kabla ya baridi. Dizeli ikishaganda, dawa ya kawaida haiiyeyushi tena. Beba filta moja ya akiba na spana yake, na toa maji yaliyotuama chini ya filta kabla ya kila safari.

Joto lenye njia mbili

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja hakiwashi moto, na hita moja haitoshi kwa safari ya theluji. Zaidi ya hapo, hita mbili zinazonyonya tanki moja au kutegemea betri moja bado ni hita moja.

Hita ya dizeli ya kilowati 2 inatosha gari la ukubwa wa Hiace. Inachoma nje ya hewa mnayovuta: inachukua hewa chini ya gari, moshi wake unatoka chini ya gari, na ndani inaleta hewa ya moto tu, kavu. Hutumia umeme mwingi dakika chache za kuwaka, kisha ampea chache. Baada ya Golden niliitenganisha na tanki kuu. Sasa ina tanki lake la lita 10, na kwenye baridi kali namimina humo mafuta ya taa, yaleyale ya koroboi ya bibi, kwa kuwa hayagandi upesi kama dizeli. Soma kwanza kitabu cha hita yako kama kinaruhusu. Hita kama hii hula karibu robo lita kwa saa ikiwaka kwa nguvu zote, kwa hiyo lita 10 ni karibu saa 40. Hiyo ni dhoruba nzima ya theluji.

Njia ya pili ni gesi ya propeni, ya kupikia vitu vya moto mkiwa macho, na mifuko ya kulalia ya kiwango cha baridi halisi ya unakokwenda. Hapa jihadhari na jina "gesi". Gesi ya kupikia tuliyoizoea nyumbani huwa mchanganyiko wa propeni na buteni. Buteni huacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri, ndiyo sababu vile vikopo vidogo vya jiko la pikiniki hufa kwenye theluji vikiwa bado vimejaa. Propeni huendelea kutoka mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Nunua propeni tupu.

Lakini jiko la gesi ni la kupikia, si la kulalia. Tunajua habari za familia zilizolala na jiko la mkaa ndani, mlango umefungwa, huko Njombe, Limuru na kwingineko kwenye baridi, na asubuhi wakakutwa wamelala moja kwa moja. Muuaji yule ni kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, haichomi macho, humfanya mtu aone usingizi mtamu. Katika gari, chumba ni kidogo kuliko kibanda chochote. Fungua dirisha kidogo kila unapopika. Weka king'ora cha kaboni monoksidi karibu na vichwa vyenu, ukijaribu kila safari. Na kabla ya kulala, pia kila ukiamka usiku theluji ikiwa inaanguka, toka na koleo uondoe theluji kwenye bomba la moshi la hita. Theluji ikiliziba, moshi utatafuta njia nyingine. Katika makala hii nzima, hili ndilo nakuomba usilisahau.

Adui wa ndani ni unyevu

Baada ya joto, tatizo kubwa ni maji unayoyatengeneza mwenyewe. Watu wawili wakilala, pumzi na jasho lao huweza kutoa nusu lita hadi lita nzima kwa usiku mmoja. Kilo moja ya propeni ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yote hewani. Mvuke huo hutafuta bati baridi kabisa, ukaganda hapo, na asubuhi ukayeyuka nyuma ya paneli. Hivyo ndivyo ile sufi ya Hiace yetu ilivyolowa.

Majira yetu ya kwanza ya baridi nilidhani nimehami kila kitu. Nilibandika povu lenye vinyweleo vilivyofungwa kwenye bati lote, nikafunika kwa mbao. Usiku wa kwanza wa baridi kali nilimulika tochi dari: kila kichwa cha bolti kilikuwa kimevaa kofia nyeupe ya sakitu, safu kwa safu. Zile bolti zilikuwa zimeshikilia mbao kwenye mbavu za chuma za gari, na zilikuwa zinaingiza baridi ndani kama mirija. Kwa hiyo usiishie kwenye bati pana. Hami na mbavu, weka ubao au mpira kati ya chuma na chochote kitakachoonekana ndani, na pale ambapo bolti haikwepeki, ifunike. Madirisha yakatie vifuniko vinavyobana pembe zote, kwa sababu kioo hupoteza joto zaidi kuliko ukuta wowote. Chini ya godoro weka fremu ya vibao vyenye nafasi, hewa ipite.

Kisha, ingawa inaumiza moyo kuachia joto, toboa paa uweke feni ndogo, na usiku iache ikivuta polepole huku dirisha la mbali limefunguliwa upana wa kidole. Utachoma mafuta kidogo zaidi, nawe utaamka kwenye kitanda kikavu. Nguo zilizolowa hazipandi kitandani. Zinaning'inizwa kwenye njia ya hewa ya hita.

Maji ya kunywa yasikusumbue. Sahau mabomba na pampu mwaka wa kwanza. Madumu mawili ya lita 10 ndani ya gari, yasijae mpaka juu, yatakutosha na hayatapasuka mahali usipopaona.

Barabarani

Gari la 4x4 linakusaidia kuondoka, halikusaidii kusimama. Gari lolote lina breki kwenye magurudumu manne. Kwenye barafu kinachokusimamisha ni tairi. Mpira wa tairi za kawaida huanza kukakamaa chini ya nyuzi 7 tu, hata pasipo theluji. Nunua tairi za theluji zenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji, zote nne za aina moja na zilizochakaa sawasawa, maana mifumo mingi ya 4x4 huumia magurudumu yakitofautiana kipenyo. British Columbia inadai tairi za baridi kwenye barabara za milimani kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, na kashata zake zisipungue milimita 3.5. Beba minyororo, na jifunze kuifunga nyumbani mchana, ukiwa na glavu.

Barabara ya Icefields, kutoka Lake Louise hadi Jasper jimboni Alberta, ina urefu wa kilomita 230 hivi. Ni mojawapo ya njia nzuri nilizowahi kuziona maishani: barafu za milele zimening'inia juu ya barabara. Majira ya baridi hakuna kituo cha mafuta kinachofanya kazi njiani, na sehemu kubwa haina mtandao wa simu. Jaza kabla ya kuingia, mwachie mtu ratiba yako, na ubebe kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Koleo, kamba ya kuvutia gari, mchanga na kebo za kuunganishia betri vikae mahali unapofikia bila kufungua mlango wa nyuma, kwa sababu mlango wa nyuma huganda.

Mtihani wa uani

Ukimaliza yote haya, usianze safari. Subiri usiku wa baridi kali kuliko wote wa wiki, uegeshe gari uani kwako, kisha ufunguo umpe mtu wa nyumbani na umwambie asikupe mpaka asubuhi hata ukiomba. Panda na familia yako saa moja jioni. Pika, kuleni, laleni. Katikati ya usiku zima hita kwa makusudi, ukae saa moja na njia yako ya pili peke yake. Ukishindwa, unavuka hatua ishirini ukaingia jikoni kwako. Ukishindwa ukiwa kwenye barabara ya Icefields, hakuna jiko la kuingia.

Asubuhi chukua tochi na daftari. Gusa kuta. Inua godoro. Tazama vichwa vya bolti. Kila mahali penye sakitu paandike, upashughulikie, urudie mtihani. Sisi tulirudia mara tatu. Mara ya tatu binti yetu aliamka kabla yetu, akapapasa dari kwa kiganja chake kizima, polepole kutoka kona hadi kona, akatuonyesha mkono wake. Ulikuwa mkavu. Wiki iliyofuata tukaondoka.